Damu ya Siku ya Kumi na Nne

Sanduku lililoibwa lilikuwa dogo, la plastiki nyeupe, saizi ya boksi la viatu vya mtoto. Ndani yake mlikuwa na vichupa thelathini na sita vya damu iliyogandishwa, damu ya wagonjwa wanne. Jumatatu jioni lilikuwa mahali pake ndani ya friza ya maabara ya hospitali. Jumanne saa mbili asubuhi halikuwepo. Kwenye rafu ilibaki alama ya pembe nne tu, safi, imezungukwa na barafu.

Inspekta alisimama mbele ya friza ile, baridi ikimpiga magotini, akijaribu kumwingia mwizi akilini. Chumba kilikuwa na hadubini tatu, kompyuta mbili, na mashine mpya ambayo hata nailoni yake ilikuwa haijabanduliwa. Mwizi alivipita vyote hivyo akachukua damu ya watu wanaoumwa.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini na miguu iliyochoka. Katika kazi yake alikwisha kutafuta ng'ombe, nyaya za umeme, maiti wawili na kengele ya shule. Damu ilikuwa mara ya kwanza.

Kitasa cha friza kilikuwa kizima. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya juu, chini ya boksi la glavu.

"Nani anajua kwamba ufunguo unakaa hapa?" aliuliza.

"Kila mtu," akajibu mtaalamu wa maabara. "Hata wewe sasa, afande."

Koplo aliyefuatana na Inspekta alicheka, akaona amecheka peke yake, akainamia daftari lake. Koplo huyu alimzidi Inspekta miaka kumi na mwandiko wake ulikwenda pole pole kama mtu anayevuka tope, lakini alichokiandika hakikufutika.

Mtaalamu yule wa maabara alikuwa mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Hospitali nzima walimwita Sindano Moja. Mshipa uliowashinda wauguzi watatu, yeye aliupata kwa mchomo mmoja, na mgonjwa akabaki anauliza kama bado hajaanza. Alimletea Inspekta kiti bila kuombwa, akakifuta vumbi kwanza. Akaeleza kwamba alifunga maabara Jumatatu saa kumi na moja jioni, akafungua Jumanne saa moja asubuhi, wala hakuitazama friza mpaka daktari alipokuja kulitaka sanduku.

Kamera ya korido ilikuwepo. Mwezi uliopita fundi wa viyoyozi aliisukuma kwa ngazi yake, na tangu siku hiyo ilikuwa ikiulinda ukuta wa nje kwa uaminifu mkubwa. Koplo alitazama picha za ukuta huo kwa saa nzima. Ofisi ya utawala nayo ilidai barua yenye mhuri kabla ya kutoa orodha ya zamu. Inspekta aliipigia ofisi yake ili barua iandikwe, na mkuu wa kituo akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayekula, ni nani mwenye akili timamu anayeiba damu. Alimpa mpaka Jumatano saa nane mchana. Baada ya hapo jalada lifungwe, kuna mambo ya maana yanamsubiri.

Alikata simu akabaki ameishika, akiitazama kama mtu aliyeng'atwa.

Ni daktari aliyemfahamisha jambo la maana lilikuwa lipi. Alimchukua mpaka kwenye kioo cha wodi ya upandikizaji, ambako huingii bila kunawa mpaka viwikoni. Nyuma ya kioo alilala mwanamke mwenye kichwa kisicho na nywele, mwalimu wa darasa la kwanza. Saratani ilikuwa imeingia kwenye damu yake. Walimpiga dawa kali hadi uboho wake wote ukafa, kisha wakampandikizia seli shina za mdogo wake, zile seli zinazozaa damu mpya. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini tangu apandikizwe.

"Seli za mdogo wake ni mgeni ndani ya nyumba," daktari alisema. "Mara nyingi mgeni anazoea, anafanya kazi, nyumba inasimama. Mara nyingine mgeni anaanza kumpiga mwenye nyumba. Anaanzia ngozini, kwenye ini, matumboni. Huyu ameanza kuharisha tangu Jumamosi."

"Basi ndilo hilo."

"Ningejua ningelala."

Akaeleza taratibu, kwa vidole, na Inspekta alimshukuru moyoni kwa kutomharakisha. Utumbo ukianza kuumia, kuna protini zinazovuja na kuingia kwenye damu kabla mgonjwa hajahisi lolote. Viashiria, ndivyo wanavyoviita. Kila wiki damu huchukuliwa na kupimwa, na nyingine hugandishwa iwe akiba. Ni kama pua inayonusa kitu kinaungua kabla jicho halijaona moshi. Damu ya siku ya saba ya mwalimu ilikuwa na viashiria vya chini. Damu ya siku ya kumi na nne, Jumatano iliyopita, ilikuwa chini zaidi. Damu ya Jumapili imepanda mara tano.

"Na hapo ndipo niliponasa," alisema daktari. "Kama ilikuwa chini, ikaruka ghafla siku moja na kuharisha, huenda ni vijidudu. Nikimpa dawa ya kumtuliza mgeni nitailaza kinga yake yote, na vijidudu vitammaliza. Kama ilianza kupanda mapema, basi ni mgeni, na kila siku ninayongoja nampa nafasi ya kuua. Kukata kipande cha utumbo nikitazame siwezi, damu yake haigandi, itavuja yote."

"Karatasi inasema ilikuwa chini."

"Karatasi inasema. Afande, mimi nimesoma namba hizi miaka kumi na moja. Ile namba ya siku ya kumi na nne si ya mgonjwa. Ile ni namba ya mtu anayecheza mpira."

Kwa hiyo Jumatatu, kwenye kikao cha wodi, alitangaza kwamba kesho yake vichupa vyote vya akiba vitapimwa upya, kimoja kimoja. Alitangaza mbele ya wauguzi, watu wa maabara, hata ndugu wa mgonjwa aliyekuwa amesimama mlangoni. Asubuhi sanduku likawa halipo.

"Una siku ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi ninazo nyingi. Yeye anazo mbili."

Ndugu aliyesimama mlangoni alikuwa ndiye yule mdogo wa mwalimu, mwenye zile seli. Fundi wa magari, mabega kama mlango. Wauguzi wawili walisema kwamba Jumatatu mchana aligonga dirisha la maabara kwa ngumi akitaka apewe damu ya dada yake aipeleke hospitali nyingine, kwa sababu hapa wanambabaisha. Sindano Moja alimtoa nje kwa maneno laini na kumnunulia soda.

Inspekta alishika uzi huo, na ulimla siku. Walimkuta fundi uvunguni mwa lori. Alitoka na spana mkononi, akaambiwa aiweke chini, akaiweka.

"Ulikuwa wapi tangu Jumatatu jioni?"

"Hapa. Hili gari."

"Peke yako?"

"Na mwenye gari. Ana haraka, amekaa hapo kwenye tairi kama mkwe."

"Ulitaka damu ya dada yako."

"Bado naitaka."

"Ukaifuata?"

Uso mpana wa fundi ukakunjamana, akageuka akaegemea lori, grisi ikampaka shavuni. Akasema kwamba walimwambia yeye ndiye dawa. Walimtoboa, wakachukua, akafurahi, akawaambia wateja wote kwamba dada yake sasa ana damu yake. Sasa anasikia wanasema ni hiyo hiyo inayomla. "Kama nimemuua mimi," alisema, "mniambie mapema."

Koplo aliacha kuandika. Alitoa kitambaa chake mwenyewe, kilichokunjwa vizuri na mke wake, akampa mtu mwenye mikono ya grisi bila kujali.

Mwenye lori alithibitisha kila saa. Mlinzi wa gereji alithibitisha. Ilipotimia saa tisa mchana Inspekta alikuwa na mtu asiye na hatia, na nusu ya siku imekwenda na maji. Alirudi kwenye gari akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mkono wa kufungulia kioo ukadondoka. Koplo aliuokota akauweka juu ya dashibodi.

Kilichobaki ni kutafuta sanduku lenyewe. Kitu cha hospitali kikitakiwa kipotee kabisa, kuna mlango mmoja tu, nao uko nyuma, kwenye tanuri la kuchomea taka. Mtunza tanuri alikuwa mzee mwenye nyusi zilizoungua. Hakuwa na rejista, ila ukutani alichora mistari ya chaki, kila idara na safu yake, kila mfuko wa taka na mstari wake. Inspekta alitamani kumkumbatia.

"Maabara huleta mingapi kwa siku?"

"Mmoja. Mvua inyeshe, jua liwake, mmoja."

Jumanne hiyo, safu ya maabara ilikuwa na mistari miwili.

"Leo nani ameleta?"

"Mwenyewe Sindano Moja. Saa moja na robo. Nikamtania, nikamwambia leo mmevuna. Hakucheka. Na si kawaida yake, yule huniletea gazeti."

Ndani ya tanuri kulikuwa na jivu. Walilichambua kwa reki mpaka jua likalegea. Walipata donge la plastiki lililoyeyuka ambalo lingeweza kuwa sanduku, ndoo, au kiti cha mtoto.

Sindano Moja alipoulizwa kuhusu mfuko wa pili alijibu papo hapo, na kwa adabu. Kemikali zilizopitwa na muda. Akafungua daftari, na kweli ziliandikwa, tarehe, aina, idadi, sahihi. Inspekta aliuliza tena kwa njia nyingine, akajibiwa vilevile. Alihisi anasukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa, ila hakuona pa kushika ili avute.

Jumatano asubuhi mwalimu alikuwa amekwenda choo mara kumi na moja tangu alfajiri. Vipele vyekundu vilimtoka viganjani. Daktari alikuwa bado anampa dawa za vijidudu, na vijidudu, kama vilikuwepo, havikuonyesha kusikia.

Inspekta alinawa mpaka viwikoni, akavaa gauni na barakoa, akaingia. Alimkuta Sindano Moja kando ya kitanda. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuchukua damu ile. Mrija uliokuwa kifuani mwa mgonjwa ulitolewa wiki mbili nyuma ulipoingia uchafu, na mishipa ya mikono ilikuwa imejificha. Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akaitumbukiza mikono ya mwalimu, akaisugua kwa vidole gumba kama mama anavyoosha mtoto aliyetoka kucheza. Akangoja. Hakumharakisha. Kisha akachoma, na damu ikaja.

Alipoondoka, mwalimu alimwambia Inspekta, kwa sauti iliyokauka, kwamba huyo kaka ana mkono mwepesi. Wiki iliyopita tu ndipo siku yake ilipokuwa mbaya.

"Mbaya vipi?"

"Alinichoma mara tatu. Nikalia. Si kwa maumivu, afande, nilikuwa nimechoka tu. Aliomba radhi kama mtu aliyenipiga kofi. Ya nne ndiyo iliyopata."

"Jumatano?"

"Jumatano."

Siku ya kumi na nne. Inspekta alitoka akamfuata Sindano Moja mpaka maabara, akasimama mlangoni akimtazama anavyofanya kazi. Aliandika lebo. Akakigeuza kichupa juu chini mara nane, akizihesabu kwa midomo. Akafungua kifuniko, akachota tone moja kwa kijiti, akalidondosha kwenye kipande cha karatasi nene, akaandika tarehe, akakiweka kando kikauke. Kisha akaendelea na kichupa.

"Hiyo karatasi ni ya nini?"

Maswali yote ya siku mbili alikuwa ameyajibu kabla hayajafika chini. Hili lilimshtukiza. Aliutazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine na umeingia bila hodi.

"Mazoea," alisema hatimaye.

Yakatoka maelezo, kidogo kidogo. Mkuu wa maabara wa zamani, aliyestaafu siku nyingi, aliwafundisha kwamba kila kichupa kinachoingia kiachiwe tone moja kwenye karatasi. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Hakuna anayeziulizia. Kwake yeye haikuwa tena kazi, ilikuwa kama kufuta miguu mlangoni.

"Huwa unazihifadhi wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Kabati la karatasi za kuandikia, droo ya chini. Ndani mlikuwa na mamia ya vikaratasi vilivyofungwa kwa mpira, vimepangwa kwa tarehe, kila kimoja na doa la hudhurungi. Mtu aliyechoma vichupa thelathini na sita hakuvikumbuka vikaratasi hivi, kwa sababu hakuwahi kuvihesabu kuwa damu.

Daktari alisema doa lililokauka namna ile haliwezi kumpa viashiria. Inspekta akasema yeye hataki viashiria, anataka kujua damu ya nani. Alivitia vikaratasi viwili katika bahasha za vielelezo, cha siku ya saba na cha siku ya kumi na nne. Koplo akavipeleka kwa mkemia wa polisi, akiendesha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa kasi. Mkemia alilalamika kwamba kuna foleni. Koplo alikaa kwenye dawati lake, juu ya foleni hiyo, akakataa kuondoka.

Saa saba na nusu mchana alipiga simu. Mwalimu ni kundi O, na mdogo wake ni O. Doa la siku ya saba ni O.

"Na la pili?"

"B, afande. Si la dada wala la kaka."

Inspekta alishusha simu. Ukutani, kwenye msumari, koti la akiba la Sindano Moja lilikuwa limetundikwa na kitambulisho chake cha kazi kimening'inia. Picha, namba, na pembeni, kwa usalama wa mfanyakazi, kundi la damu. B.

Simu ikaita tena. Alikuwa mkuu wa kituo, akikumbusha kwamba imebaki nusu saa. Inspekta alimjibu kwamba inatosha.

Walikaa katika stoo ndogo ya maabara, kati ya maboksi ya glavu. Sindano Moja aliletewa kiti. Safari hii Inspekta ndiye aliyekifuta. Alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema litaandikwa. Kisha akaweka mezani bahasha mbili na kitambulisho.

"Soma."

Alisoma. Uso haukubadilika, ila mikono ilianza kujitafuta.

"Siku ya kumi na nne uliandika lebo ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Ndani mlikuwa na damu ya nani?"

Nje mtu alipita na kitoroli chenye gurudumu linalolia.

"Nakuuliza."

"Yangu."

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumsukuma. Alieleza kwamba siku ile mchomo wa nne ulimpatia kichupa kimoja. Alikileta, akakitia moja kwa moja kwenye mashine ya kuzungusha damu, hata kabla ya kuchota tone la karatasi, na kifuniko hakikukaa sawa. Mashine iliposimama, karibu yote ilikuwa imemwagika ndani ya kikombe cha mashine. Sheria za maabara ziko wazi: sampuli iliyomwagika haipimwi. Jaza fomu, rudi kwa mgonjwa, chukua nyingine.

"Mbona hukurudi?"

"Nilirudi. Nilifika mpaka kwenye kioo. Alikuwa amelala, machozi bado yako hapa." Aligusa shavu lake. "Mimi, afande, watu wananiita jina lile. Nilimtoboa mara nne. Nikaona siwezi kumwamsha nimtoboe ya tano. Damu ya wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Nikajua na hii itakuwa nzuri. Nikaja hapa hapa, nikafunga mpira mkononi. Nilidhani namwazima."

"Ukaandika jina lake."

"Nikaandika."

"Jumamosi alipoanza kuharisha?"

"Nilijua."

"Jumapili? Jumatatu? Ulikuwa na mdomo siku zote hizo." Sauti ya Inspekta, iliyokuwa ya chini siku mbili, ilipanda, naye akaiacha ipande. "Nimemtoa mdogo wake uvunguni mwa gari nikamliza. Nimechambua jivu. Daktari amekesha juu ya namba yako. Unamwosha mikono asubuhi hii, unamtazama usoni, husemi?"

"Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe nzito zaidi." Alikuwa analia sasa, bila sauti. "Daktari aliposema kila kichupa kitapimwa upya, nilijua kundi la damu litanitaja. Ningechukua changu peke yake, ningeonekana. Nikachoma sanduku zima. Wale wengine watatu nao nimewaharibia, najua."

Koplo, aliyekwisha rudi, aliandika neno kwa neno. Inspekta alisimama aende kwa daktari. Alikuwa na mwizi, na sababu, na maungamo. Ila mkononi mwake kwa ajili ya mwalimu hakuwa na kitu. Namba ya uongo ilikuwa imefutwa, na mahali pake pakabaki tupu. Aliufikia mlango akageuka, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili.

"Ile iliyomwagika. Uliifuta kwa kitu gani? Kwa tambara?"

Sindano Moja aliinua uso, kidogo kana kwamba ametukanwa.

"Siwezi kufuta damu ya mgonjwa kwa tambara. Niliichota. Iko kwenye friza ya dawa, nyuma kabisa, kichupa kidogo. Haifai kupimwa, lakini kuitupa sikuweza."

Inspekta hakukumbuka baadaye jinsi alivyozipanda zile ngazi.

Daktari alikishika kichupa kile kati ya vidole viwili, akakielekeza kwenye mwanga. Matone kumi, labda kumi na mawili. Alisema, pole pole sana, kwamba hii angeipokea. Yenye kasoro, pungufu, iliyookotwa kwenye kikombe cha mashine, angeipokea siku ile ile na kuandika pembeni kwamba ina kasoro. Kulikuwa na mtu wa kuambiwa, na mtu huyo alikuwa ghorofa moja tu juu. Kisha akaenda mwenyewe kuipima, akimwacha Inspekta kwenye benchi la korido, karibu na fundi wa magari aliyekuja na nguo safi za dada yake kwenye mfuko.

Kipimo kilichukua saa tatu na dakika arobaini. Fundi alimsogezea nafasi, akaweka mfuko wa nguo katikati ili aegemee.

Saa kumi na mbili kasoro daktari alitoka na karatasi. Siku ya kumi na nne, siku ambayo mwalimu alikuwa anatembea mpaka dirishani na kula uji wake wote, viashiria vilikuwa vimekwisha kupanda mara tatu. Hakikuwa kijidudu. Mgeni alikuwa ameanza kupiga siku tatu kabla ya kuharisha. Dawa ilikuwa imekwisha kuvutwa kwenye bomba la sindano; muuguzi alikuwa akingoja neno tu, na alipolipata aliingia nusu akikimbia.

Sindano Moja alishushwa ngazi za nyuma. Koplo hakumfunga pingu mpaka walipofika ndani ya gari, wagonjwa wasione.

Siku nne mwalimu alikaa kwenye ukingo wa kaburi. Siku ya tano alikwenda choo mara mbili. Siku ya nane alimwomba muuguzi amfungulie pazia. Siku ya kumi daktari alimruhusu Inspekta kuchukua maelezo yake, kwa sharti yawe mafupi.

Inspekta alimweleza yote, bila kuficha na bila kuongeza. Mwalimu alisikiliza kama anavyosikiliza mtoto mwenye makosa, mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Alinionea huruma," mwalimu alisema.

"Ndivyo anavyosema."

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza."

"Angenichoma mara kumi. Mkono ni wangu." Alifumba macho, akapumzika, akayafumbua. "Andika hivyo. Na andika pia kwamba alikuwa anaipasha mikono yangu kwa maji. Wengine hawakufanya hivyo. Yote mawili ni kweli, usiache moja."

Inspekta aliandika yote mawili, akamsomea. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaomba kalamu. Sahihi ilitoka nje ya mstari ikapanda mpaka juu ya mhuri. Inspekta alisema si kitu, itasomeka.